Mlango wa Dharura: Historia ya Kibali cha Muda cha Kibinadamu Nchini Marekani

Katika sheria ya uhamiaji ya Marekani kuna kifungu kifupi kinachoipa serikali uwezo wa kumruhusu mgeni asiye na viza aingie nchini kwa muda kwa sababu ya dharura. Wamarekani hukiita kibali hicho paroli. Waliokitunga kifungu hicho walimfikiria mgonjwa anayehitaji kupasuliwa haraka au shahidi anayetakiwa mahakamani. Katika miaka 70 na ushei iliyofuata, kibali hicho kimewapitisha Wahungaria, Wakuba, Waasia waliofukuzwa Uganda, Wavietnam, Wahaiti, Waafghani na Waukraine, jumla yao ikiwa zaidi ya watu milioni moja.

Karibu kila mara mambo yamekwenda kwa hatua mbili. Kwanza rais hufungua mlango kwa uamuzi wa siku chache. Halafu Bunge hukaa na kuamua iwapo waliopita watabaki. Magazeti huandika sana kuhusu hatua ya kwanza, lakini maisha ya walioingia yameamuliwa na hatua ya pili.

Binti wa Ellis Island, 1892–1951

Kituo cha uhamiaji cha Ellis Island, kwenye kisiwa kidogo mbele ya jiji la New York, kilifunguliwa Januari 1892. Kanuni yake ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuitekeleza: mgeni aliyekataliwa alirudishwa alikotoka na kampuni ya meli iliyomleta. Sheria haikusema lolote kuhusu mgonjwa mahututi asiyeweza kusafiri, wala kuhusu mtu ambaye kwao kumezuka vita. Maofisa wakatumia busara zao. Walimtoa mtu kizuizini, wakamkabidhi kwa ndugu au kwa shirika la hisani, naye akaishi mjini huku kwenye daftari akihesabiwa kuwa hajaingia.

Julai 1914 aliletwa hapo binti wa miaka 13 kutoka Urusi. Baba yake alikuwa ametangulia Marekani. Waliompima walisema akili yake ina upungufu, na kwa sheria ya wakati huo hilo lilitosha kumkatalia. Kabla hajarudishwa, Vita Kuu ya Kwanza ilizuka Ulaya na safari zikasimama. Alikaa kisiwani karibu mwaka mzima, kisha mwaka 1915 akakabidhiwa kwa shirika la Kiyahudi la kusaidia wahamiaji, ambalo lilimruhusu aishi na baba yake. Mwaka 1920 baba akapata uraia wa Marekani, na kwa kawaida mtoto mdogo anayeishi nchini angeupata pamoja naye. Vita ilipokwisha, serikali ikalifungua tena jalada la binti na kutaka arudishwe kwao.

Mwaka 1925 Mahakama ya Juu, kwa kalamu ya Jaji Oliver Wendell Holmes, iliamua kwamba binti huyo, ambaye sasa alikuwa mtu mzima, hakuwahi kuingia Marekani. Alikuwa amelala, amekula na kukulia New York kwa miaka mingi, lakini mbele ya sheria alikuwa bado mpakani akisubiri kujibiwa. Kwa hiyo uraia wa baba haukumgusa. Hukumu hiyo ndiyo mzizi wa yote yaliyofuata: mwenye kibali cha muda anaweza kufanya kazi, kuoa na kuzaa ndani ya nchi, na bado serikali ikamhesabu kuwa hajaruhusiwa kuingia.

Sentensi moja ya sheria, 1952–1955

Baada ya Vita Kuu ya Pili, wabunge wa Marekani waliamua kukusanya sheria zote za uhamiaji mahali pamoja. Sheria iliyotokana na kazi hiyo, ya McCarran na Walter, ilizua ubishi mkubwa kwa sababu iliendeleza mgao wa viza kwa kufuata taifa alikotoka mtu. Rais Harry Truman alikataa kuitia saini. Bunge likapiga kura tena, likampiku, na tarehe 27 Juni 1952 muswada ukawa sheria.

Katika kelele hizo, wachache waliiona sentensi moja iliyompa Mwanasheria Mkuu uwezo wa kumwingiza mgeni kwa muda, kwa masharti atakayoyaweka mwenyewe, kwa sababu za dharura au kwa manufaa ya umma. Kilichokuwa mazoea ya maofisa sasa kikawa na nguvu ya sheria. Sentensi ileile ilisisitiza kwamba kibali hicho hakihesabiwi kuwa ruhusa ya kuingia, na kwamba lengo lake likishatimia mtu arudi alikotoka au arudishwe kizuizini.

Matumizi yake ya kwanza makubwa yalifanyika hapo hapo Ellis Island. Novemba 1954, Mwanasheria Mkuu Herbert Brownell alitangaza kwamba wageni wengi wanaosubiri uamuzi hawatafungiwa tena. Watakaozuiliwa ni wale tu wanaohofiwa kutoroka au kuhatarisha usalama. Kituo kikafungwa mwezi huohuo. Wakati huo kibali cha muda kilikuwa bado ni cha mtu mmoja mmoja, kila mmoja na jalada lake.

Budapest hadi New Jersey, 1956–1958

Tarehe 23 Oktoba 1956 wananchi wa Hungaria waliinuka dhidi ya serikali iliyowekwa chini ya kivuli cha Moscow. Siku 12 baadaye, vifaru vya Kisovieti viliingia Budapest. Watu wapatao 200,000 walikimbia, wengi wao wakielekea Austria. Kwa majuma machache, karibu na kijiji cha Andau, walivuka mfereji wa mpakani kwa kutumia daraja dogo la mbao, mpaka wanajeshi wa Kisovieti walipolilipua Novemba 21. Austria, nchi ndogo iliyokuwa imepata tena uhuru wake mwaka uliotangulia, ikaelemewa.

Rais Dwight Eisenhower alitangaza kwanza kuchukua watu 5,000, akitumia viza zilizosalia chini ya sheria maalumu ya wakimbizi. Sheria hiyo ilikuwa inakoma mwisho wa mwaka, na viza zake hazikutosha. Mgao wa kawaida wa Hungaria ulikuwa viza mia kadhaa tu kwa mwaka. Kwa miaka mingi vituo vya redio vya Marekani vilikuwa vimewahimiza watu wa Ulaya Mashariki kuutamani uhuru, na sasa waliothubutu walikuwa kwenye matope ya mpakani. Kuwaacha hapo kungekuwa aibu mbele ya dunia nzima.

Ndipo washauri wa rais walipoikumbuka ile sentensi ya mwaka 1952. Haikutaja kikomo cha idadi. Tarehe 1 Desemba Eisenhower alipandisha hesabu hadi 21,500, wengi wao wakiingia kwa kibali cha muda, na baadaye akaiongeza tena. Ndege na meli ziliwaleta hadi Camp Kilmer, kambi ya jeshi katika jimbo la New Jersey iliyokuwa imewapitisha wanajeshi waliokwenda vitani Ulaya. Katika mabweni ya mbao, familia zilipimwa afya, zikahojiwa kuhusu kazi wanazozijua, kisha mashirika ya Kikatoliki, Kiprotestanti na Kiyahudi yakawatafutia wadhamini na nyumba. Mmoja wa waliopita hapo mwanzoni mwa 1957 alikuwa kijana wa miaka 20 aliyekuja kujulikana kama Andrew Grove, ambaye baadaye aliiongoza kampuni ya Intel.

Kufikia mwisho wa mwaka huo, Marekani ilikuwa imewapokea Wahungaria wapatao 38,000, na kati yao takribani 32,000 hawakuwa na viza wala hadhi yoyote ya kudumu. Julai 1958 Bunge lilipitisha sheria iliyowapa ukaazi wa kudumu baada ya miaka miwili nchini.

Mwaka huohuo, katika kesi ya mwanamke wa Kichina aliyekuwa ameachiliwa kwa kibali cha muda, Mahakama ya Juu ilirudia msimamo wa mwaka 1925 kwa kura 5 dhidi ya 4: kibali si kuingia. Wahungaria walikuwa wameokolewa na Bunge. Mwanamke yule hakuwa na sheria ya kumtetea.

Havana, Hong Kong na Kampala, 1959–1973

Fidel Castro alishika madaraka mwanzoni mwa Januari 1959. Miaka miwili baadaye uhusiano wa kibalozi ulivunjika, na Havana hapakuwa tena na ofisi ya kutoa viza. Wakuba waliendelea kufika Miami, na kibali cha muda kikawa njia yao ya kawaida. Waliandikishwa katika jengo refu la zamani la gazeti la Miami News, lililoitwa Mnara wa Uhuru, wakagawiwa chakula, matibabu na anwani ya mahali pa kulala. Mwaka 1962 Rais John Kennedy alitumia uwezo huohuo kwa Wachina waliokuwa wamejazana Hong Kong, na maelfu wakaingia katika miaka mitatu iliyofuata.

Wabunge walianza kuona wasiwasi. Walipoifumua sheria ya uhamiaji mwaka 1965 na kufuta mgao wa mataifa, waliweka nafasi maalumu za wakimbizi na wakaandika katika taarifa zao kwamba kibali cha muda kirudi kwenye kazi yake ya asili, yaani dharura ya mtu mmoja mmoja. Rais Lyndon Johnson aliisaini sheria hiyo tarehe 3 Oktoba 1965, chini ya Sanamu ya Uhuru. Katika hotuba hiyohiyo alitangaza kwamba Mkuba yeyote anayetafuta kimbilio Marekani atalipata. Njia pekee ya kutimiza ahadi hiyo kwa haraka ilikuwa kibali kilekile ambacho Bunge lilikuwa limetaka kukibana.

Desemba mwaka huo zikaanza Safari za Uhuru, ndege zilizotoka Varadero kwenda Miami hadi mwaka 1973, zikibeba zaidi ya watu 250,000. Tarehe 2 Novemba 1966 Bunge liliwapa Wakuba sheria yao, ambayo iliwawezesha kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miaka miwili, muda ambao baadaye ulipunguzwa hadi mwaka mmoja. Sheria hiyo haikuwekewa tarehe ya mwisho.

Afrika Mashariki nayo iliingia katika historia hii. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 wawe wamekwisha kuondoka. Wengi walikuwa na pasipoti za Uingereza na wakaenda huko. Kanada ikachukua maelfu. Walibaki wale ambao uraia wao wa Uganda ulikuwa umekataliwa na hawakuwa na nchi nyingine ya kuwadai. Mtu wa namna hiyo hana ubalozi wa kukimbilia, na mgao wa viza haumtambui. Mwanasheria Mkuu wa Marekani aliruhusu zaidi ya 1,000 kati yao waingie kwa kibali cha muda, nao wakasafirishwa kabla na baada ya tarehe ya mwisho iliyowekwa na Amin.

Kutoka Saigon hadi sheria mpya, 1975–1980

Mara chache kibali hiki kimetumika kwa haraka kama ilivyokuwa Aprili 1975. Jeshi la Vietnam Kaskazini lilipoisogelea Saigon, Marekani ilianza kuwaondoa Wavietnam waliofanya kazi nayo. Mwanasheria Mkuu Edward Levi aliidhinisha vibali kwa makundi, na jiji lilipoanguka tarehe 30 Aprili watu wengi walikuwa tayari baharini. Guam, kisiwa cha Marekani katika Pasifiki, kikageuka mji wa mahema kwa usiku mmoja. Kutoka huko waligawanywa katika kambi nne za kijeshi: Camp Pendleton huko California, Fort Chaffee huko Arkansas, Eglin huko Florida na Fort Indiantown Gap huko Pennsylvania. Kufikia Desemba, watu wapatao 130,000 walikuwa wamepata wadhamini. Mwaka 1977 Bunge liliwafungulia njia ya ukaazi wa kudumu.

Vita ilikwisha lakini kukimbia hakukukoma. Wavietnam walipanda mashua mbovu kuelekea Malaysia na Thailand, na Wakambodia waliokimbia utawala wa Pol Pot walijaa mpakani. Kila miezi michache Washington ilitoa kundi jipya la vibali, na baada ya kila kundi wabunge waliitwa kuweka mambo sawa. Juni 1979 Rais Jimmy Carter aliongeza idadi ya wakimbizi wa Indochina kutoka 7,000 hadi 14,000 kwa mwezi. Hapo wengi walikubali kwamba nchi haiwezi kuendesha sera ya wakimbizi kwa kifungu cha dharura.

Sheria ya Wakimbizi, iliyosukumwa na Seneta Edward Kennedy, ilisainiwa tarehe 17 Machi 1980. Ilichukua maana ya mkimbizi iliyokubaliwa na Umoja wa Mataifa, ikaweka utaratibu wa rais kushauriana na Bunge kila mwaka kuhusu idadi, na ikaruhusu mtu aliye tayari nchini kuomba hifadhi. Kuhusu kibali cha muda ilikuwa wazi: mkimbizi asiingizwe kwa njia hiyo isipokuwa kama kuna sababu nzito zinazomhusu yeye binafsi.

Mlango huo mpya haukutimiza hata majuma sita kabla haujajaribiwa.

Mariel na Wahaiti, 1980–1996

Mapema Aprili 1980, zaidi ya Wakuba 10,000 waliingia kwa nguvu katika uwanja wa ubalozi wa Peru mjini Havana wakitaka kuondoka. Castro akajibu kwa kufungua bandari ya Mariel. Wakuba wa Miami walikodi kila chombo kinachoelea wakaenda kuchukua ndugu zao. Kufikia vuli, watu wapatao 125,000 walikuwa wamefika Florida, na katika miezi hiyohiyo mashua za Wahaiti waliokimbia utawala wa Jean-Claude Duvalier zilikuwa zikitia nanga kwenye fukwe zilezile. Utaratibu wa kuchuja wakimbizi wakiwa nje ya nchi haukuwa na jibu kwa watu waliokwisha kufika ufukweni. Carter alirudi kwenye kibali cha muda na kuwabunia Wakuba na Wahaiti hadhi ya pamoja iliyoitwa waingiaji. Ukaazi wa kudumu kwa wengi waliokuwa bado hawajaupata ulikuja kwa sheria ya mwaka 1986.

Tofauti kati ya makundi hayo mawili ilionekana haraka. Kuanzia mwaka 1981 serikali ya Ronald Reagan iliwazuia Wahaiti wapya katika kambi kama ile ya Krome, nje ya Miami, huku Wakuba wakiendelea kuachiliwa. Kesi ya Wahaiti ilifika Mahakama ya Juu. Mwaka 1985 majaji walisema kwamba, kwa kanuni zilizokuwepo, ofisa hapaswi kuangalia rangi wala taifa la mtu anapoamua nani apewe kibali. Waliacha bila jibu swali zito zaidi, kama Katiba yenyewe inamlinda mgeni aliye mlangoni.

Mwaka 1994 Wakuba zaidi ya 30,000 walizuiwa baharini na kupelekwa Guantanamo, na wengi wao hatimaye wakaruhusiwa kuingia kwa kibali cha muda. Wabunge wa chama cha Republican waliliona hilo kama njia ya kukwepa mipaka ya idadi waliyoiweka. Tarehe 30 Septemba 1996 Rais Bill Clinton alisaini sheria iliyobadili maneno ya mwaka 1952. Tangu hapo kibali hutolewa kwa kuangalia kila mtu peke yake, na sababu ni mbili tu: dharura ya kibinadamu au manufaa makubwa kwa umma. Maneno hayo ndiyo yanayotumika hadi leo.

Jalada la mtu mmoja

Nyuma ya ndege na kambi hizo, kibali kiliendelea kufanya kazi yake ya asili. Mama anahitaji kumfikia mwanawe aliyelazwa, ndugu ametakiwa kutoa figo, mzazi anataka kumzika mtoto. Wengi huanza kwa kubisha ubalozini, iwe Nairobi, Dar es Salaam au Kinshasa, wakidhani uamuzi uko pale. Ombi hupelekwa Marekani kwenye idara ya huduma za uraia na uhamiaji, iliyo chini ya Wizara ya Usalama wa Ndani iliyoanza kazi mwaka 2003.

Ndani ya bahasha kuna fomu I-131, nakala ya pasipoti, maelezo ya dharura na ushahidi wake. Kwa mgonjwa hutakiwa barua ya daktari inayotaja ugonjwa, tiba inayohitajika, kwa nini haipatikani alipo, na nani atalipa. Mdhamini aliye Marekani hujaza fomu I-134 na kuambatanisha uthibitisho wa kipato. Mwombaji hueleza pia kwa nini hakuomba viza ya kawaida, au alivyonyimwa. Kibali mara nyingi hakizidi mwaka mmoja. Hata aliyekubaliwa hujibiwa kwa mara ya mwisho na ofisa wa uwanja wa ndege, ambaye ndiye anayeandika tarehe ya kuondoka.

Kwa miaka mingi maombi ya aina hii hayakufika hata 2,000 kwa mwaka, na yaliyokubaliwa yalikuwa takribani robo. Aliyekataliwa hana rufaa.

Mara nyingine janga liliyakusanya majalada hayo pamoja. Tetemeko la tarehe 12 Januari 2010 liliiangusha Port-au-Prince wakati mamia ya watoto yatima wa Haiti walikuwa katikati ya taratibu za kuasiliwa na familia za Marekani. Siku sita baadaye serikali ilitangaza kibali cha muda kwa watoto hao, na zaidi ya 1,000 wakaingia kabla ya maombi kufungwa Aprili. Desemba mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria ya kuwapa ukaazi wa kudumu. Ilichukua chini ya mwaka mmoja.

Kabul, Kyiv na Caracas, 2021–2024

Taliban walipoingia Kabul tarehe 15 Agosti 2021, Marekani ilirudia yale ya Saigon. Waafghani waliosafirishwa kupitia kambi za Qatar na Ujerumani waliwekwa katika vituo vya kijeshi kama Fort McCoy huko Wisconsin, na zaidi ya 70,000 walipewa kibali cha miaka miwili. Nchi nyingine nazo zilifungua milango. Uganda ilipokea kundi la watu 51 Entebbe mwishoni mwa Agosti, na shule ya bweni ya wasichana ya SOLA ilihamia Rwanda na wanafunzi wake.

Walioachwa nyuma walituma maombi mmoja mmoja. Ofisi iliyozoea majalada 2,000 ilipokea zaidi ya 40,000 kutoka kwa Waafghani, kila moja likiwa na ada ya dola 575. Mengi yalikaa bila kuguswa, na mengi kati ya yaliyoamuliwa yalikataliwa, mara nyingi kwa maelezo kwamba mwombaji hakuthibitisha hatari inayomhusu yeye binafsi. Familia iliyokuwa imejificha Kabul ilitakiwa kutafuta nyaraka ambazo kuzibeba tu kungeweza kuwaponza.

Miezi minane baadaye Waukraine walipokewa kwa mpango tofauti kabisa. Kuanzia tarehe 25 Aprili 2022, Mmarekani au mkazi halali aliweza kumdhamini Mukraine kwa fomu ya mtandaoni isiyolipiwa. Aliyekubaliwa alikata tiketi mwenyewe. Zaidi ya 200,000 waliingia kwa njia hiyo. Rais Joe Biden alipeleka mfano huo kwa Wavenezuela Oktoba 2022, kisha Januari 2023 akawaongeza Wakuba, Wahaiti na Wanikaragua, kwa kikomo cha watu 30,000 kwa mwezi, ili kupunguza msongamano wa mpaka wa kusini. Watu wapatao 530,000 walifika kupitia mpango huo. Jimbo la Texas na mengine yalishtaki, yakidai kwamba kuangalia kila mtu peke yake kumebaki jina tu. Machi 2024 jaji wa Texas alitupa kesi hiyo kwa sababu majimbo hayakuonyesha hasara yoyote. Katikati ya mwaka huo serikali yenyewe iliusimamisha mpango kwa majuma kadhaa ili kuchunguza wadhamini waliotiliwa shaka.

Kulikuwa na jambo moja ambalo halikutokea. Muswada wa kuwapa Waafghani ukaazi wa kudumu uliletwa bungeni Agosti 2022, ukaungwa mkono na wabunge wa vyama vyote viwili na maelfu ya wanajeshi wa zamani, lakini haukupitishwa. Wavenezuela, Wahaiti na Wanikaragua hawakupata hata muswada wa kufika mbali. Wakuba peke yao walikuwa na ile sheria ya 1966 ya kushika.

Mlango unafungwa, 2025

Tarehe 20 Januari 2025, siku ya kwanza ya muhula wake wa pili, Rais Donald Trump aliagiza mipango yote ya vibali vya makundi inayopingana na sera zake ikomeshwe. Machi, serikali ilitangaza kwamba vibali vya watu wa mataifa yale manne vitakoma Aprili 24 hata kama muda wao haujaisha. Jaji Indira Talwani wa Boston alizuia hatua hiyo, akisema kila jalada lazima liangaliwe kivyake. Tarehe 30 Mei Mahakama ya Juu iliondoa zuio lake bila kueleza sababu. Jaji Ketanji Brown Jackson, akiungwa mkono na Jaji Sonia Sotomayor, alipinga kwa maandishi. Juni barua pepe zikaanza kuwafikia watu waliokuwa na kazi, watoto shuleni na mikataba ya nyumba, zikiwaambia kibali chao na ruhusa ya kufanya kazi vimekwisha.

Julai 4 ilisainiwa sheria ya bajeti iliyoweka ada ya dola 1,000 kwa anayepewa kibali, isipokuwa kwa hali chache zilizotajwa, zikiwemo dharura ya matibabu, kutoa kiungo, kumwona ndugu wa karibu anayekaribia kufa, na mazishi. Orodha hiyo inafanana sana na watu ambao sheria ya 1952 iliwalenga tangu mwanzo.

Mkondo wa historia hii hauna utata. Wahungaria, Wakuba, Wavietnam na yatima wa Haiti hawakuwa watu bora kuliko Waafghani na Wavenezuela. Waliingia kwa sentensi ileile, kwa uamuzi uleule wa mtu mmoja, na mbele ya sheria wote walikuwa bado mlangoni. Waliojenga maisha ni wale ambao Bunge liliwafuata na sheria ya ukaazi, na waliopokea barua za kuwaondoa ni wale ambao Bunge liliwaacha. Kushindwa huko ni kwa wabunge wa vyama vyote viwili, waliosifu ushujaa wa Waafghani kisha wakauacha muswada wao ulale.

Kwa anayefikiria njia hii leo, au aliye na ndugu aliyeipitia, la kushika ni hili: kibali cha muda hakimpi mtu ukaazi, na tarehe ya mwisho wake inaweza kusogezwa mbele au nyuma na serikali. Ombi la hifadhi kwa kawaida linatakiwa kuwasilishwa ndani ya mwaka mmoja tangu kufika, na saa hiyo huanza kuhesabiwa siku ya kutua. Mwanasheria mwenye leseni atafutwe mapema, wakati kibali bado kiko hai.